Bosi kakukataza "labda", mteja kanuna: tuongee kidogo kuhusu labda, huenda na itakuwa

"Mwalimu shikamoo. Mi nafanya kazi ya kujibu simu na meseji za wateja kwenye ofisi ya kusafirisha vifurushi hapa Kariakoo, mizigo mingi inatoka Mwanza. Bosi katukataza kabisa kusema 'labda', anasema hataki mambo ya labda labda, mteja akisikia hivyo anajua hatujui kitu, tuseme 'huenda' ndo ya kiofisi. Mwenzangu aliyesoma madrasa anasema labda kwa Kiarabu ni 'lazima' kwahiyo Waswahili wote tunaikosea. Afu juzi kuna mteja alikuwa analalamika kifurushi chake hakionekani, nikamwambia kwa upole kabisa 'labda uje ofisini', akawaka, akasema namwekea masharti, kaniripoti. Sijaelewa nimekosea wapi. Labda, huenda na pengine tofauti yake ni nini, na nimwambie nini mteja kama kweli sijui mzigo wake uko wapi?"

Marahaba dada, na pole. Nikikusoma naona kinachokuuma sio kamusi, kinachokuuma ni kwamba uliongea kwa adabu halafu ukaonekana umemjibu mtu vibaya, na hapo hapo kila mtu ofisini ana sheria yake kuhusu neno moja. Naomba nianze na huyo mteja, maana kwenye hilo tukio lake ndo kuna somo lote, hayo ya bosi na ya madrasa yatakuja yenyewe.

Kosa lako halikuwa kwenye "labda", lilikuwa kwenye "uje". Sikiliza hizi: labda anakuja, labda kashafika, labda atapiga jioni. Zote hapo unakisia tu, hujui, unatupa wazo. Sasa sikiliza hizi: labda aje, labda upige, labda tulipe nusu. Kitenzi kimeishia na "e", yaani kile kitenzi cha kuomba, kuagiza au kupendekeza, na ukishakiweka hicho "labda" haiwezi tena kuwa ya kukisia, kwasababu hakuna mtu anayekisia amri. Hapo inabaki na kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kupendekeza kwa upole, kama mtu anayesema kwenye kikao "labda tuanze na taarifa ya mweka hazina", hapo hajabahatisha chochote, anawapa nafasi wenzake wakatae bila kumvunjia heshima. Ya pili ni sharti, na hii ndo iliyokuponza. Mwenye nyumba akikwambia "siwezi kupunguza kodi, labda ulipe ya miezi sita kwa mpigo", huyo hajakupendekezea kitu, kakwambia mlango umefungwa na ufunguo ni huo mmoja. Mama akimwambia mtoto "hutoki hapa, labda umalize hiyo sahani", mtoto anaelewa vizuri sana kwamba hakuna majadiliano.

Sasa msikilizaji anajuaje ni pendekezo au ni sharti? Anaangalia kilichotangulia. Kama kabla ya "labda" kuna kukanusha, kama siwezi, haiwezekani, sina, hakipo, hakionekani, sikio la Mswahili moja kwa moja linaenda kwenye sharti, yaani "haiwezekani, isipokuwa ufanye hivi". Kama hakuna kukanusha, linaenda kwenye pendekezo. Mteja wako alishasema mwenyewe kifurushi hakionekani, wewe ukamalizia "labda uje ofisini", kichwani kwake sentensi ikajiunga: kifurushi hakitapatikana, labda nije mwenyewe. Yaani nimelipia mzigo uletwe, sasa nauli juu yangu, foleni juu yangu, jua la Kariakoo juu yangu. Na kwenye simu hamna sura, hajaona kwamba ulikuwa unasema kwa huruma. Ungesema "au labda ungependa kupita ofisini tuangalie pamoja?" hiyo "au" tu ingemuonyesha kuna njia zaidi ya moja, na "ungependa" ingeondoa harufu ya amri. Ila kwa maoni yangu, kwenye malalamiko ya simu usiweke labda na kitenzi cha "e" karibu na neno la kukanusha hata kidogo, tafuta njia nyingine ya kusema.

Hapa niongeze kitu kimoja kwasababu kinachanganya watu wengi. Kuna "labda" nyingine tena ambayo Dar tunaitumia sana, hasa kwenye mahojiano ya redio na kwenye mikutano: "labda niseme tu kwamba...", "labda kwa kuanzia...", "labda una chenji ya elfu kumi?" Hiyo hata haina shaka ndani yake. Mtu anayesema "labda niseme tu" keshaamua kusema, na atasema kwa dakika kumi. Ni adabu, ni kubisha hodi kabla ya kuingia kwenye maongezi, na mtu akikuuliza "labda una chenji" anakupa nafasi ya kusema sina bila kuona haya. Kwahiyo bosi anaposema "labda" maana yake hujui kitu, anaijua kazi moja ya neno na ameziacha nyingine.

Tuje kwa huyo wa madrasa. Asili amepatia, nampa heko. Neno limetoka kwenye Kiarabu "la budda", maana yake hakuna namna ya kukwepa, lazima. Na kitu kizuri ambacho labda hakukwambia, ni kwamba hilo "budda" tunalo pia kwenye Kiswahili kwa sura nyingine kabisa: sina budi, hakuna budi, hapana budi. Yaani "labda" na "hakuna budi" ni ndugu wa tumbo moja, mmoja alibaki na ukali wa baba yake, mwingine akawa mpole mpaka akageuka kuwa wa kukisia. Akikubishia mwambie aseme "labda nitakufa siku moja" halafu aone kama kuna atakayemwelewa kwamba anamaanisha lazima.

Alipokosea ni kusema tunaikosea. Neno likishavuka linakuwa la waliolipokea. "Asante" nayo ilitoka kwenye Kiarabu cha kumwambia mtu "umefanya vizuri", na "karibu" ni "jirani, sio mbali", na hakuna anayekuja kutuambia tuache kukaribisha wageni. Maana ya neno ni kile ambacho msemaji na msikilizaji wanaelewana leo, na leo, kuanzia Mbagala mpaka Mombasa, labda ni ya shaka.

Ila swali zuri ni hili, neno la "lazima" linageukaje kuwa la "sijui"? Halishangazi ukiangalia tunavyotumia "lazima" yenyewe. Mtu anasema "saa mbili hii, lazima atakuwa kashafika Mbezi". Kamuona? Hajamuona. Amepiga hesabu, basi lilitoka Morogoro saa fulani, njia ni hii, basi lazima kafika. Yaani neno ni la uhakika lakini kazi inayofanywa ni ya kukisia, na kadiri watu wanavyolitumia kwenye kukisia ndivyo uhakika unavyochuja. "Bila shaka" nayo imeshaanza safari hiyo hiyo. Ukimwambia mgeni aliyetoka safari "bila shaka umechoka", ungekuwa huna shaka kabisa usingekuwa unangoja aitikie. Unadhani tu, kwa heshima. Lakini mtu akikuuliza "utanisaidia?" ukajibu "bila shaka", hapo ni ahadi nzito. Neno moja, na tofauti iko kwenye unaongelea nini, mambo ya mwenzio ambayo huwezi kuyaona au mambo yako mwenyewe ambayo uko nayo mkononi. Hii ikumbuke, kwenye kazi yako itakusaidia: ukimwambia mteja "bila shaka mzigo umefika" ni kisio, na kesho mzigo usipokuwepo atakudai kama ahadi.

Sasa bosi na "huenda" yake. Kwa kiwango cha uhakika, labda na huenda hazina tofauti, kamusi zenyewe zinaeleza moja kwa kutumia nyingine, halafu zinaongeza pengine na yamkini. Aliyekwambia "huenda" ina uhakika zaidi kakudanganya. Tofauti iko kwenye mavazi. "Huenda" ni ya taarifa ya habari, gazeti, barua, na "labda" ni ya mdomoni. Imekuwaje hivyo? Huenda ni kitenzi, ni "hu" ya mazoea pamoja na "enda", kama "Juma huenda sokoni kila Jumamosi". Hapa mjini hiyo "hu" mdomoni imeshapungua sana, watu tunasema "anaendaga sokoni" na walimu wanalia lakini ndo hivyo. Kwahiyo "huenda" imebaki kama kipande kilichoganda, ukikisikia unajua mtu anasoma maandishi au anaongea kirasmi. Ukimwandikia mteja barua ya malalamiko, huenda inapendeza. Ukimwambia kwenye simu "huenda mzigo wako ukawa umechelewa" atahisi anaongea na mashine.

Na huenda ina tabia yake ya sarufi ambayo labda haina, inapenda kufuatwa na "ka": huenda akaja, huenda mvua ikanyesha, huenda ikawa kweli. Siku hizi watu wanaandika "huenda atakuja" pia na mimi sioni cha kugombana hapo, ila kwenye barua ya ofisi andika "huenda akaja", wasomaji wa zamani watakupa heshima. "Labda akaja" ukiniambia peke yake hivyo nitabaki nasubiri umalizie.

Pengine sitaikalia sana. Ilianza kama "mahali pengine", ikaja "wakati mwingine", ndo maana hata sasa mtu anaweza kusema "pengine anakuja, pengine haji" akimaanisha kuna siku anakuja na kuna siku haji. Kwa shaka inafanya kazi sawa na labda, imekaa katikati, sio ya gazeti sana wala ya kijiweni sana. Ukiitumia kwa mteja hutakosea, ila usiirudie mara mbili kwenye sentensi moja maana atasikia "mara hivi mara vile".

Neno ambalo hukuniuliza, na ndilo ningekupa kama ningekuwa na moja tu la kukupa, ni "itakuwa". Dar tunalitumia kutwa nzima bila kuliona. "Mbona hajafika?" "Itakuwa foleni." "Mbona hajibu?" "Atakuwa amelala." Umbo ni la wakati ujao lakini hakuna kinachongojwa hapo, mtu anaongelea sasa hivi, na tofauti yake na labda ni kubwa: anayesema "labda kalala" anaweza kuwa anabahatisha tu, anayesema "atakuwa amelala" ana sababu, saa sita usiku, simu inaita haipokelewi, jana alikesha. Mswahili akisikia "itakuwa" anaelewa kwamba umepiga hesabu kabla ya kufungua mdomo. Upande wa pili kabisa kuna "eti". "Eti gari limeharibika Singida" maana yake nimeambiwa hivyo, sio mimi niliyesema, na mara nyingi siamini. (Sio ile "eti kaka, gari la Mbagala linapita hapa?", hiyo ni ya kumshtua mtu umuulize.) Ukimpa mteja "eti" umeshamwambia hata wewe humuamini dereva wako. Na jihadhari, kuna watu wa huduma kwa wateja wanalitoa bila kujua, "dereva anasema eti..." basi hapo mteja ameshakasirika.

Kwahiyo niseme nini kama sijui mzigo uko wapi, ndo swali lako la mwisho, na kusema kweli hapa bosi ana hoja, ila ameifunga kwenye neno. Mteja haudhiki na shaka. Kila mwaka mamlaka ya hali ya hewa inatangaza utabiri wa masika ya Machi mpaka Mei, inasema mvua zinatarajiwa kuwa za wastani au juu ya wastani katika maeneo fulani, hakuna aliyeahidiwa tone, na wakulima wanapanga mashamba yao hivyo hivyo, kwasababu nyuma ya "zinatarajiwa" kuna vipimo. Kinachoudhi ni shaka tupu, shaka isiyo na mguu. "Labda umechelewa." Sawa, umechelewa wapi, umejuaje, mimi nifanye nini? Ukibadilisha ukasema "huenda umechelewa" bado mguu haupo, umebadilisha nguo tu.

Mi nakushauri utenganishe unachokijua na unachokikisia, halafu kila kimoja ukipe kitenzi chake. Unachokijua ukiseme kikavu bila labda: "Mzigo ulipakiwa Mwanza jana asubuhi, Dodoma umeshapita, hapa bado haujashuka." Kisio kiwekee sababu yake: "Dereva hapatikani tangu saa nne, itakuwa yuko sehemu haina mtandao kati ya Gairo na Morogoro." Halafu usichokijua ukikiri na uweke saa: "Sijajua utaingia saa ngapi, saa kumi nakupigia hata kama haujafika." Hapo labda haijatumika, bosi kafurahi, na wewe hujasema uongo. Maana hofu yangu na amri kama ya bosi wako ni hiyo, ukimkataza mfanyakazi maneno yote ya shaka hujamfanya ajue zaidi, umemfundisha kusema "uko njiani, unafika sasa hivi" kwa kitu ambacho hajui kilipo, na wewe unajua kama mimi "uko njiani" ya Dar inamaanisha nini.

Kama ukipata nafasi ya kuongea naye, usimwambie kakosea Kiswahili, hamna bosi anayelipenda hilo. Mwambie mnaomba ruhusa ya kusema "itakuwa" pale mkiwa na sababu, na "sijajua, nakupigia saa fulani" pale mkiwa hamna, na "huenda" mnaiweka kwenye barua na meseji rasmi. Nadhani atakubali kwasababu lengo lake ni wateja wasijisikie wametupwa, na hiyo inalifikia lengo. Akikataa kabisa, basi fuata, ni ofisi yake, Kiswahili kina njia nyingi za kufika.

Kuna sehemu moja lakini ambapo haya niliyokuandikia hayatoshi. Kama hiyo kampuni ina fomu ya masharti ya usafirishaji ambayo mteja anasaini, na humo kuna "huenda", "inaweza", "itakuwa", usije ukaitafsiri wewe kwenye simu kwa kufuata maelezo yangu, "kampuni huenda ikalipa fidia" na "kampuni italipa fidia" zinaachana kwa pesa nyingi tu, hiyo mpeleke mteja kwa bosi na bosi ampelekee mwanasheria. Ukiitwa polisi au mahakamani kutoa maelezo kuhusu mzigo uliopotea, nenda kaseme ulichokiona na ulichokisikia wewe, usijazie mapengo na "itakuwa", mwambie anayeandika akusomee kabla hujasaini. Na daktari akikwambia "inawezekana ni kitu fulani", usiniulize mimi uzito wa "inawezekana", rudi kwake umuulize anahisi hivyo kwa kipimo gani. Kwa maandishi ya ofisi yanayohitaji ithibati, BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo, na pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili, watu wamekaa na haya maneno maisha yao yote, ukiwa na mjadala mrefu na huyo mwenzako wa madrasa nendeni wote wawili.

Kuhusu mteja aliyekuripoti, usimwandikie barua ndefu ya kujitetea wala usimfundishe sarufi. Mtumie meseji ya kawaida, kitu kama: "Habari kaka, mimi ni yule wa ofisi ya vifurushi tuliongea juzi. Nilipokwambia uje ofisini sikumaanisha ni lazima, nilitaka tuangalie pamoja kwenye daftari la kupokelea mizigo. Nimeliangalia mwenyewe, kifurushi chako kimeandikwa kimeshuka juzi usiku, itakuwa kimewekwa na mizigo ya Arusha, nakitafuta leo na saa kumi nakupigia kukwambia nimekipata au sijakipata." Badilisha hayo ya daftari yaendane na ulichokikuta kweli. Na saa kumi ikifika piga, hata kama huna jipya.